Mkono wa Kuazima

Kila asubuhi, kabla Bibi Otilia hajameza kidonge chake cha moyo, pacha wake alikimeza kwanza.

Pacha hakuwa na mdomo wala tumbo. Aliishi ndani ya kioo kilichobandikwa ukutani juu ya kitanda namba sita: umbo la mwanamke lililochorwa kwa mistari myeupe, na moyo mmoja mwekundu uliodunda katikati. Lioba Kinunda alikipitisha kidonge mbele ya kioo, na kwa muda wa pumzi tatu pacha akaishi siku nzima. Akameza, damu yake ikaizungusha dawa, figo zake zikaichuja, jioni ikafika, kukakucha tena. Kisha pembe za kioo zikawaka kijani. Rangi hiyo ilikuwa na maana moja tu: mpe.

Lioba alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa mwisho, katika Hospitali ya Mtandazi, huko milimani upande wa Mbinga ambako ukungu hauondoki kabla ya saa nne asubuhi. Zilibaki siku tisa avalishwe pini kifuani na kuitwa muuguzi. Mama yake alikwisha kushona gauni la sherehe na kuwaalika majirani wa pande zote nne, hata wale wasiosemezana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Amekula, huyo mdogo wangu wa ukutani?"

"Amekula, na hajalalamika."

"Atalalamika nini? Anakula dawa kila siku na uchungu hajawahi kuuonja."

Hivyo ndivyo Bibi Otilia Kapinga alivyomzoea pacha wake, kwa kumtania. Lakini utani wa leo ulitoka kwa sauti nyembamba. Uji wake ulikuwa umeganda juu ya meza ndogo, na kijiko hakijaguswa. Jana pia haukuguswa. Juzi alikunywa vijiko viwili akasema unanuka moshi, wakati jiko la hospitali lilikuwa la umeme. Lioba akatia kidonge kwenye kikombe kidogo, akamsogezea maji.

Bibi hakunyoosha mkono. Alikuwa anatazama dari.

"Hiyo taa mmeivalisha nini?" akauliza.

Lioba akatazama juu. Ilikuwa taa ya kawaida, nyeupe, mviringo kama sahani.

"Naona imevaa shada," bibi akasema. "La manjano, kama alizeti. Na wewe pia umevaa, hapo kichwani. Unapendeza."

Lioba akakirudisha kikombe kwenye sinia.

Kitu kilimkumbuka kabla yeye hajakikumbuka. Kilikuwa darasa la mwaka wa kwanza, mvua inapiga bati, na Mwalimu Hyera amesimama mbele na kidonge kimoja kwenye kiganja. Alisema digoksini ni dawa ya zamani kuliko mashine zote za hospitali hii, na ni rafiki mwenye wivu. Ikiwa kiasi, humsaidia moyo kusukuma damu. Ikizidi kidogo tu, humshika moyo mkono asitembee. Chakula humchukiza mgonjwa, mapigo hupungua, na macho huanza kuona manjano pasipo na manjano. Kwa hiyo, kabla ya kuitoa, weka sikio kifuani uhesabu dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, maana moyo uliochoka hudanganya katika nusu ya pili. Chini ya sitini, usitoe.

Wanafunzi waliandika yote hayo, wakayajibia mtihani, wakayaacha huko. Tangu pacha waje, nani ahesabu? Eusebi Nchimbi, mwenzake wa zamu, alisema kuhesabu mapigo siku hizi ni kama kumtuma mtu kwa miguu na simu unayo mfukoni.

Stetoskopu ilikuwa ndani ya kabati, imezongwazongwa kama kamba ya mbuzi. Lioba aliipasha joto kwa viganja vyake, akaiweka chini ya titi la kushoto la bibi, akatazama saa.

Arobaini na nane.

Akahesabu tena, macho yake kwenye saa tu, asishawishike. Arobaini na nane. Tena yalikuwa mapigo yenye kusitasita, kama mtu anayepanda mlima na kusimama kila baada ya hatua chache.

Akainua uso. Kwenye kioo, moyo mwekundu wa pacha ulikuwa unadunda mara sabini na moja.

Halafu akaona jambo ambalo hatalisahau. Bibi Otilia alikuwa amelala kimya, hajatikisa hata kidole, lakini moyo wa ukutani ukaanza kuharakisha. Sabini na tisa. Themanini na sita. Nje, kwenye ngazi, zikasikika hatua za mtu na mlio wa maji ndani ya ndoo. Tisini na mbili. Mlango ukasukumwa, na Babu Winfridi, mumewe, akaingia na ndoo ya maji ya moto na taulo begani, akihema kidogo. Akaiweka ndoo chini. Akakaa. Na kadiri pumzi zake zilivyotulia, ndivyo moyo wa ukutani ulivyopungua, taratibu, mpaka ukarudi palepale, sabini na moja.

Lioba akaufunua mkono wa bibi uliokuwa chini ya shali. Ulikuwa mtupu. Bangili yake ya kupima mapigo ilikuwa kwenye mkono wa babu, imekaa vizuri juu ya mishipa ya mtu aliyeshika jembe miaka sitini.

*

Bangili ndiyo iliyomlisha pacha. Ilisoma mapigo, jasho, joto, chumvi zilizotoka mwilini, na kwa hayo ilijua figo zinafanya kazi vipi na moyo una nguvu kiasi gani. Kila alfajiri pacha alijirekebisha, na dozi ya siku ikapangwa upya. Ilikuwa kazi nzuri. Watu wengi wa milima hiyo walikuwa hai kwa sababu yake, na Lioba hakuwa miongoni mwa wanaozidharau mashine.

Lakini bangili ilikuwa na tabia moja. Ikivuliwa ililia, na kilio chake kilikuwa kama cha paka aliyebanwa na mlango. Ikilia mara tatu kwa siku, wodi iliandikiwa doa. Na mgonjwa alipaswa kuogeshwa, kukandwa, kubadilishwa shuka. Kwa hiyo wauguzi wakabuni njia ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote. Ukiivua bangili, unamvalisha ndugu wa mgonjwa aliyekaa karibu, dakika tano au kumi, ili ihisi ngozi ya moto inyamaze. Waliiita kuazima mkono. Mwanafunzi alifundishwa siku ya kwanza, pamoja na mahali pa kupata chai.

Na siku ya kwanza ya Bibi Otilia katika wodi ile, aliyemwambia Babu Winfridi "babu, niazime mkono" alikuwa Lioba mwenyewe.

Walitoka kibarazani. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linapenya ukungu, na mablanketi ya wodi yalikuwa yameanikwa kwenye ukuta mfupi. Lioba alimuuliza babu amekuwa akiivaa kwa muda gani kila siku. Mzee hakuficha. Alisema mwanzo ilikuwa wakati wa kumwogesha tu, maana mkewe haogeshwi na mtu mwingine, hayo waliyapatana tangu moyo wake ulipoanza kumvimbisha miguu. Halafu bibi akawa analalamika bangili ni baridi, inamwasha. Babu akaona akiivaa yeye tangu alfajiri mpaka saa nne mwenzake anapata usingizi mzuri. Tena akaona kioo kinapendeza zaidi. Kijani tupu.

"Siku ngapi sasa, babu?"

"Kumi na moja."

Lioba alikuwa anapiga hesabu kichwani, na hesabu ilikuja vibaya. Siku kumi na moja pacha alikuwa amelishwa asubuhi ya mkulima anayebeba ndoo na kupanda ngazi, na alasiri ya mwanamke anayeshindwa kumaliza uji. Ukutani hakukaa Bibi Otilia wala Babu Winfridi, alikaa mtu wa tatu asiyekuwepo duniani, mwenye figo za babu. Na mashine, ikiona figo zinazochuja dawa upesi hivyo, ilikuwa imeongeza dozi mara mbili. Kila mara pacha alimeza akawa mzima. Kila mara Lioba alitoa.

Alimweleza babu kwa maneno mepesi, bila kupunguza ukweli: dawa imemzidi bibi, moyo wake umepungua mwendo, leo hatapewa. Mzee alisikiliza huku akiigeuza bangili kwenye mkono, mara moja, mara mbili, kama mtu anayetaka kuing'oa na hathubutu.

"Kwa hiyo nilikuwa namnywesha sumu," akasema.

"Hapana, babu. Aliyekufundisha ni mimi. Wewe uliniazima tu."

Babu akaacha kuigeuza bangili. Kisha akasema jambo ambalo hakika alikuwa amelibeba siku nyingi. Mdogo wake Otilia, Editruda, naye alilazwa hapa, miaka minne nyuma. Kioo chake kiligeuka chekundu Jumatatu, na kabla ya adhuhuri kipepeo kikatua uwanjani. Kipepeo ndilo jina ambalo watu wa Mtandazi waliipa ndege ndogo isiyo na rubani iliyowabeba wagonjwa kwenda Kituo Kikuu, kule bondeni, mwendo wa siku nzima kwa gari. Ndugu hawapandi. Editruda alikaa huko wiki tano akiongea na watu kupitia kioo, na aliporudi alirudi ndani ya sanduku.

"Otilia aliniambia siku ile, Winfridi, usiniache nibebwe peke yangu. Nikamwambia sitakuacha." Akavuta pumzi. "Mjukuu wangu, mimi shule niliishia darasa la nne. Lakini nyekundu na kijani nazijua. Ukisema, kitageuka chekundu. Si ndiyo?"

Lioba alisema ndiyo.

"Basi usiseme. Dawa mnyime, sawa. Bangili niachie mimi. Tutamtunza sisi wawili."

*

Eusebi alikuwa chumba cha dawa, anapanga sindano. Alikuwa kijana mrefu mwenye maneno mengi, na wagonjwa walimpenda kwa sababu alimwita kila mwanamke mchumba, hata wenye miaka tisini. Aliposikia habari ya bangili, aliziacha sindano. Akakaa juu ya boksi la glavu.

Halafu akaanza kufikiri kwa sauti, kama walivyozoea wakiwa na swali gumu la mtihani. Wakimrudishia bibi bangili kimyakimya, pacha ataona moyo umeanguka kutoka sabini na moja hadi arobaini na nane kwa dakika moja, na safari hii chini ya hamsini, jambo ambalo siku za nyuma halikutokea. Atadhani ni shambulio la ghafla, na ataita kipepeo mwenyewe bila kumuuliza mtu. Kwa hiyo njia hiyo haifai. Lakini alichosema mzee kilifaa. Bangili ibaki kwake. Kila asubuhi kidonge kipitishwe mbele ya kioo, kioo kiwake, halafu kidonge kiende kwenye sinki. Wao wawili wahesabu mapigo kwa siri. Dawa itatoka mwilini yenyewe.

"Siku tisa tu, Lioba. Unavaa pini, bibi yupo na mumewe, hakuna aliyeumia."

"Na chumvi ya damu? Potasiamu ikiwa chini, moyo unaweza kusimama hata bila kidonge kingine. Lazima apimwe leo. Maabara haichukui damu bila sababu iliyoandikwa."

"Tutaandika anaumwa tumbo."

"Na siku ya kumi? Nani atahesabu tukishaondoka?"

Eusebi alisema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye wiki hii ameazima mikono mitatu, mmoja akausahau nusu siku. Na si yeye peke yake, wodi nzima. Akisema la kwake, amesema la wote.

Hapo ndipo Lioba alipoona uzito wa jambo lenyewe. Mpaka dakika hiyo alidhani anachagua kati ya pini yake na ukweli, na kwa hilo alikuwa na ujasiri, maana alikuwa bado katika umri wa kuamini kwamba mtu akitenda haki dunia humpisha njia. Lakini aliyekuwa hatarini si yeye. Alikuwa anaombwa awatenganishe wazee wawili ambao hawajawahi kulala mbalimbali katika miaka hamsini na mbili, tena kwa kosa alilolianzisha yeye. Kunyamaza kulikuwa na sura ya huruma, na kusema kulikuwa na sura ya ukatili. Ila kidonge kilikuwa bado kwenye sinia, na saa nane mchana zamu ingebadilika. Muuguzi mwingine angekipitisha mbele ya kioo, kioo kikawaka kijani, na angetoa kwa nia njema kabisa, kama alivyokuwa akitoa yeye.

Alisimama. Eusebi akamwambia asiende. Hakumshika.

*

Mwalimu Hyera alikuwa ofisini, anamwagilia ua lake lililokuwa kwenye kopo la maziwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alibakiza mwaka mmoja astaafu. Alimsikiliza Lioba akiwa amesimama, kopo mkononi. Kisha akauliza maswali kwa mpangilio uleule aliowafundisha: mgonjwa amesema nini, wewe umeona nini, umepima nini, umefanya nini.

Lioba akajibu moja baada ya jingine. Taa yenye shada. Uji wa siku tatu. Arobaini na nane, dakika nzima, mara mbili, yenye kusita. Dawa imezuiwa. Mgonjwa amelala, hayuko peke yake, mumewe yuko naye.

"Daktari ataagiza damu sasa hivi," mwalimu akasema, na akabonyeza simu akatoa maelezo kwa sentensi nne. Alipomaliza akauliza, bila kubadilisha sauti: "Nani alimfundisha mzee?"

"Mimi, mwalimu."

"Na wewe nani alikufundisha?"

Mwalimu akaliweka kopo dirishani.

"Hujui unitaje au usinitaje. Sikukufundisha, lakini nilipita wodini nikaona, mara nyingi. Nikasema moyoni, dakika tano zina ubaya gani, na wodi yetu haina doa." Akavua miwani, akaifuta kwa kanga ya mezani. "Haya. Utaandika ulichofanya. Na mimi nitaandika nilichoacha kufanya. Pini yako ya mwezi huu sahau. Utarudia muhula. Unalijua hilo?"

Alilijua. Hata hivyo lilipotamkwa, picha iliyomjia ilikuwa ya gauni la mama yake limening'inia nyuma ya mlango.

Mwalimu akaeleza kitakachofuata. Pacha aliyelishwa miili miwili hatengenezeki, anafutwa. Pacha mpya huchukua siku ishirini na moja kukomaa, na mgonjwa asiye na pacha haruhusiwi kulazwa Mtandazi. Hupelekwa Kituo Kikuu ndani ya saa sita. Lakini iko kanuni moja ya zamani, iliyowekwa wakati mitambo ilipokuwa ikizima kila wiki, na hakuna aliyeifuta. Mgonjwa anaweza kubaki akiwa mgonjwa wa mkono. Maana yake muuguzi akae naye, ahesabu kwa sikio lake kila saa, apime mkojo kwa jagi na uzito kwa mizani, aandike kwenye karatasi, asaini. Siku zote ishirini na moja. Haijatumika kwa miaka kumi na mmoja, kwa sababu ni kazi nyingi na kioo hakichoki.

"Sisi tutakaa naye," Lioba akasema haraka. "Mimi nitakaa naye."

"Ngoja kwanza. Yeye amesemaje?"

"Babu anataka abaki, na..."

"Sikukuuliza babu."

Tangu asubuhi Lioba alikuwa ameongea na mume wa mgonjwa, na mwenzake, na mwalimu wake, na moyo wake mwenyewe. Mwenye kifua alichokisikiliza dakika mbili nzima, hakuna aliyemwambia kitu.

*

Bibi Otilia alikaa kitako kusikiliza, mito mitatu mgongoni. Damu ilikuwa imeshachukuliwa, na potasiamu ilikuwa chini kama Lioba alivyohofia, kwa hiyo dripu ilikuwa inadondoka polepole mkononi mwake. Lioba alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kueleza yote. Alieleza kosa lake, bangili, dozi, na njia mbili zilizopo. Hakuipamba hata moja. Kule bondeni kuna mashine ya kuuendesha moyo ukisimama. Hapa kuna masikio, mikono, na dawa za kawaida. Kule atakuwa salama zaidi kwa siku chache hizi. Hapa atakuwa nyumbani.

Bibi alimgeukia mumewe, ambaye alikuwa amesimama karibu na mlango kama mtu aliyeitwa kwa mtendaji wa kijiji.

"Winfridi. Siku kumi na moja mimi nilikuwa wewe?"

"Nusu siku nusu siku," mzee akasema.

"Ndiyo maana nimekuwa naota napalilia kahawa. Mimi tangu lini nikapenda kupalilia?"

Babu akataka kucheka, kikamtoka kilio. Bibi alimwacha alie mpaka akamaliza, akamwambia aje akae. Kisha akamwambia kwamba ahadi aliyomwomba ilikuwa asimwache peke yake, hakumwomba amfiche. Kufichwa ni kuachwa pia. Babu akaitikia kwa kichwa.

"Na wewe, mjukuu," akamgeukia Lioba. "Ungeninyamazia, ningekufa nikikusifu. Hilo lingekupendeza?"

"Hapana, bibi."

"Basi nisikilize. Nitabaki. Lakini wekeni mpaka. Moyo ukishuka chini ya arobaini, iteni hicho kipepeo, na mzee huyu asinishike mguu. Sitaki kufa kwa sababu ya woga wa Winfridi. Andika."

Lioba akaandika. Bibi akatia dole gumba, kisha akabadili mawazo, akaomba kalamu, akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa zilizoegemeana.

Saa saba na robo kioo cha kitanda namba sita kikageuka cheupe. Moyo mwekundu ulidunda mara ya mwisho, ukaondoka bila sauti. Bibi aliutazama ukuta mtupu, akasema maskini, alikuwa mdogo wake mzuri, hakuwahi kujibu.

*

Jioni ile wodi nzima ilikaguliwa, na pacha wengine wanne walifutwa. Wawili kati ya wagonjwa hao walichagua kwenda bondeni, na walikwenda. Mmoja alirudi baada ya wiki mbili akiwa ameongezeka uzito. Mwingine, wakati haya yanaandikwa kwenye karatasi za wodi, alikuwa bado huko, na Lioba alimwombea kila siku akimtaja jina, maana hakuweza kujua kama alimtendea wema. Eusebi hakusema naye siku mbili. Siku ya tatu alikuja saa nane mchana, akachukua stetoskopu shingoni mwa Lioba bila salamu, akamwambia Bibi Otilia, "Mchumba, niazime kifua," na tangu hapo zamu za mchana zikawa zake.

Karatasi zikajaa. Arobaini na tisa. Arobaini na saba. Arobaini na mbili, saa kumi alfajiri ya siku ya pili, na Mwalimu Hyera aliyekuwa zamu akakaa na mkono juu ya simu mpaka ikawa arobaini na tano. Hamsini na moja. Siku ya tano bibi akaomba uji. Siku ya sita akasema una chumvi kidogo, na babu akaenda jikoni kugombana.

Siku ya tisa kengele ya ukumbi ililia saa mbili asubuhi. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliingia wakiimba, na nyimbo zilipita juu ya bati na mablanketi yaliyoanikwa zikafika wodini. Lioba alikuwa amempigia mama yake simu siku tano nyuma. Mama aliuliza kama huyo bibi ni mzima, akaambiwa anaendelea. Akasema basi gauni litasubiri, nguo haiozi.

Alipasha joto stetoskopu kwa viganja. Babu Winfridi alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, mikono yake mitupu magotini, na kama kawaida yake sasa, alizuia pumzi.

Nyimbo zilikuwa kubwa. Lioba aliinama mpaka paji la uso likagusa shali, akakaza macho kwenye saa, akaacha kila sauti nyingine ipite. Akahesabu dakika nzima.

"Sitini na nne," akasema, na akaandika.

Mzee akapumua. Kwenye sinia palikuwa na kikombe kidogo, na ndani yake dozi mpya aliyoipanga daktari baada ya damu ya jana, nusu ya kidonge kimoja. Ukutani hapakuwa na mtu wa kukimeza kwanza. Namba ilikuwa nzuri, lakini Lioba alikuwa amejifunza kutoiamini namba peke yake, hata ikiwa imetoka sikioni mwake.

"Bibi," akauliza, "taa ikoje leo?"

Bibi Otilia akainua uso kuelekea darini. Hakuharakisha. Aliitazama kwa jicho moja, akalifumba, akaitazama kwa jingine, kama mtu anayekagua kahawa kabla ya kuianika.

"Taa," akasema, "ni taa tu."

Kisha akanyoosha mkono.